Ramani nyekundu ya ubongo: EEG inasikia nini hasa kwenye magonjwa ya akili

Juzi usiku shemeji yangu kanitumia picha WhatsApp. Vichwa vitano vimechorwa kwa juu, kama vile unamwangalia mtu ukiwa darini, kila kichwa kimepakwa rangi, kijani, njano, bluu kidogo, na kimoja huku mbele kwenye paji la uso nyekundu imekolea kweli. Chini yake kaandika: "Shemeji, hii ni ya mwanao Junior. Wamempima wamesema mbele ana mawimbi ya taratibu mengi kupita kiasi, ndo maana hatulii darasani, anatakiwa mazoezi ya ubongo mara 40. Wewe si ndo kazi yako hii? Nilipe au nisilipe?"

Na kweli ndo kazi yangu. Napima EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, yaani yule mtu anayekubandika waya kichwani af anakwambia fumba macho, fumbua macho, ndo mimi. Nikaanza kumjibu, nikafuta, nikaanza tena, nikaona jibu la mistari miwili litakuwa uongo tu, maana nikimwambia kipimo ni utapeli nitakuwa nimedanganya, kipimo chenyewe ni cha kweli na kimeokoa watu nimeona kwa macho yangu, na nikimwambia lipa nitakuwa nimemdanganya zaidi. Kwa hiyo naeleza kuanzia mwanzo, ye asome na mwingine yeyote aliyepewa karatasi yenye rangi kama ile asome.

Ubongo unafanya kazi kwa umeme. Simaanishi kwa mfano, ni umeme kweli, seli ya fahamu ikipokea ujumbe chembe zenye chaji, sodiamu na potasiamu na wenzake, zinaingia na kutoka na hapo panatokea tofauti ndogo ya volti. Ukiweka elektrodi juu ya ngozi ya kichwa unachopata ni kama mikrovolti 10 mpaka 100. Ili uone udogo wake chukua betri moja ya rimoti, volti 1.5, igawanye vipande elfu 30, kipande kimoja ndo wimbi la kawaida la mtu mzima, na hicho kipande kimeshapita kwenye maji yanayouzunguka ubongo, kwenye fuvu, kwenye ngozi, ndo kikanifikia mimi.

Sasa seli moja peke yake huwezi kuisikia ng'o. Chukulia jirani ana shughuli, anaoza binti, na wewe uko nje ya ukuta. Wawili wakinong'onezana kwenye kona huwasikii. Meza hii wanasengenya, meza ile wanadaiana michango, wewe unapata mvumo tu. Ila bi harusi akiingia wote wakapiga vigelegele kwa mpigo, hapo hata mtu wa mtaa wa tatu anajua kuna jambo. EEG iko nje ya ukuta, inachosikia ni vigelegele. Na hapa ndo watu wengi wanapochanganyikiwa: wimbi kubwa halina maana kwamba ubongo unafanya kazi sana, lina maana seli nyingi sana zinafanya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mawimbi makubwa kuliko yote unayakuta kwenye usingizi mzito, wakati mtu anayepiga hesabu kichwani mistari yake ni midogo midogo ya haraka haraka, kila meza ina mazungumzo yake.

Halafu ukuta huo unasikilizia sebuleni tu, vyumba vya uani hausikii vizuri. Elektrodi inapata zaidi gamba la juu la ubongo, zile sehemu za ndani kabisa zinazohusika na hofu na kumbukumbu sauti yake haifiki juu sawasawa. Mtu akikwambia kwa EEG ya waya 19 kaona "kituo cha hofu" chako, muulize kakionaje.

Majina ya mawimbi ni ya herufi za Kigiriki na yanategemea yanapiga mara ngapi kwa sekunde, hesabu hiyo inaitwa hezi. Delta chini ya 4, theta 4 hadi 8, alfa 8 hadi 13, beta 13 hadi 30, gama juu ya hapo. Ni mipaka ya makubaliano tu, ubongo wenyewe haujui kwamba kwenye 8 kuna boda. Mitandaoni utasikia alfa ni wimbi la utulivu, theta wimbi la ubunifu, gama wimbi la watu wa ibada, achana nayo hiyo, wimbi lile lile linabadilika maana kutegemea liko sehemu gani ya kichwa, mtu ana umri gani, yuko macho au anasinzia. Delta nyingi kwa mtu mzima aliye macho namtafuta daktari haraka. Delta hiyo hiyo kwa mtoto aliyelala ni afya njema.

Kuna kitu nimekiona mara nyingi sana na bado kinanifurahisha. Mgonjwa yuko kitandani macho wazi, mistari kwenye skrini midogo, imevurugika, kama manyunyu. Namwambia, haya fumba macho taratibu. Inapita sekunde moja, mbili, na huku nyuma kisogoni mistari inaanza kujipanga, juu chini juu chini, mara kumi kwa sekunde, imelingana kama meno ya kitana. Hiyo ndo alfa. Namwambia fumbua, inakatika palepale. Mtu mzima inapiga karibu 10, mtoto wa miaka mitatu kama 8, kwa hiyo mtoto hapimwi kwa kipimo cha baba yake.

Mtu wa kwanza kuona kitu hicho kwa binadamu alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, Hans Berger wa mji wa Jena, Ujerumani. Akiwa kijana jeshini alianguka kutoka kwenye farasi mbele ya gari la mizinga, kidogo tu limpitie, na jioni hiyo akapokea telegramu kutoka kwa baba yake kuulizia hali yake, kumbe dada yake huko nyumbani ndo alikuwa kashikilia itumwe, moyo wake umemwambia kaka yake kapatwa na jambo. Lilimkaa hilo. Akaenda kusomea udaktari akiwa na nia ya kujua nafsi inatoa nguvu gani inayoweza kusafiri hivyo. Nguvu hiyo hakuipata. Alichokipata, mwaka 1924, kwa kijana wa miaka 17 aliyekuwa anafanyiwa upasuaji wa ubongo, ni mstari unaopanda na kushuka. Akakaa nao miaka mitano anapima watu wengine, mpaka mwanawe wa kumzaa, ndo akachapisha 1929, na wenzake wengi hawakumwamini hadi Edgar Adrian na Matthews wa Cambridge walipoyaona wenyewe mawimbi yale 1934. Nalitaja kwa sababu kipimo hiki kilizaliwa hospitali ya akili, na matumaini ya kuiona nafsi ya mtu kwenye mstari. Matumaini hayo hayajaisha. Karatasi ya Junior imejaa hayo matumaini.

Sasa turudi kwenye karatasi yenyewe, ile yenye rangi. Mistari ya EEG inaingizwa kwenye kompyuta, kompyuta inahesabu kila sehemu ya kichwa ina delta kiasi gani, theta kiasi gani, inalinganisha na watu wa umri huo waliokwisha kupimwa wakiwa wazima, af inapaka rangi, kijani uko sawa na wenzako, nyekundu umezidi, bluu umepungua. Inavutia sana macho, mzazi akiiona anaona ukweli umepakwa rangi mbele yake. Ila fanya hesabu hii ndogo. Waya 19, mawimbi ya aina 5, hiyo ni vipimo 95. Kama "kawaida" tumeiweka pale ambapo watu wenye afya 95 kati ya 100 wanaangukia, basi kila kipimo kina nafasi 5 kwa 100 ya kutoka nje kwa bahati tu. Maana yake ukimchukua mtu mwenye afya kabisa, hana shida yoyote, ukampima, utegemee sehemu nne tano zitawaka rangi. Na mtu akitafuta ugonjwa kwenye sehemu nne tano zinazowaka, ataupata.

Bado hatujauliza nini kimeingia kwenye mashine. Jicho lina chaji yake, kila kope ikipepesa panatokea wimbi kubwa la taratibu hapa mbele juu ya paji la uso, na kompyuta kama hakuna aliyelifuta inalihesabu kama delta au theta ya ubongo. Misuli ya taya inatoa umeme wa haraka, mtoto akisaga meno au akitafuna pipi unapata "beta" tele kwenye mapanja. Mtu akitumia diazepamu, ile dawa ya kutuliza, beta inapanda. Akisinzia theta inapanda, alfa inapotea. Kwa hiyo swali la kwanza nililomuuliza shemeji halikuwa la ubongo kabisa, nilimuuliza siku hiyo Junior aliamka saa ngapi. Saa tisa usiku, kasema, maana walikuwa wanawahi basi la kwanza kutoka Morogoro, af wakakaa foleni mpaka saa sita mchana, mtoto hata chai hajanywa vizuri. Mtoto wa miaka minane, kaamka saa tisa usiku, umemkalisha kwenye kiti cha sponji chumba cha kiyoyozi na taa hafifu. Theta asiwe nayo ana nini?

Kuna na suala la nywele, na hili linaniuma kwa sababu linatugusa sisi. Kabla sijaweka waya napima kichwa kwa tepu, kutoka chanzo cha pua mpaka kile kifundo cha mfupa kisogoni, sikio mpaka sikio, naweka alama kwa asilimia 10 na 20, ndo maana mfumo unaitwa wa 10-20 na umetumika dunia nzima tangu 1958. Kila alama nachambua nywele mpaka ngozi ionekane, nasugua kwa jeli ya chenga chenga, nabandika elektrodi kwa krimu nzito. Nywele zetu za kipilipili zikishajaa zinaisukuma elektrodi juu, inaning'inia, mstari unachafuka. Dada akija na rasta zilizomkalisha saluni saa sita nimwambie nini, afumue? Wengine wanafumua, wengine wanaahirisha na hawarudi. Huko kwa wenzetu kwenye tafiti mtu wa hivyo mara nyingi alikuwa anaachwa tu, hasajiliwi, na hivyo hizo data za "watu wa kawaida" zinazotumika kupaka rangi nyingi zimetoka kwa watu wa Marekani na Ulaya, na weusi hata wa huko huko ni wachache. Aliyelivalia njuga ni mwanafunzi wa chuo cha Carnegie Mellon, Arnelle Etienne, na wenzake, 2020 wakatoa elektrodi zenye kibanio kinachokamata chini ya misuko, wakaziita Sevo, neno la Kikrioli cha Haiti lenye maana ya ubongo. Wanamsuka mtu mistari iliyonyooka kufuata alama za 10-20, ngozi inabaki wazi katikati, yaani ni twende kilioni ile ile ya bibi zetu. Nilipoiona picha yake nilicheka kwa furaha peke yangu ofisini. Mi saivi mgonjwa akiniuliza aje vipi namwambia asuke twende kilioni, mistari mipana, asipake mafuta.

Ila sitaki mtu amalize hapa akidhani EEG haina kazi kwenye akili. Inayo kubwa, tena sisi tunaihitaji kuliko watu wengi.

Aliletwa binti mmoja wa sekondari, shule ilikuwa imeshamrudisha nyumbani, wamesema ana mashetani. Anasimama katikati ya kipindi, anatafunatafuna mdomo mtupu, anachezea kifungo cha shati anakifunga na kukifungua, ukimwita haitikii, dakika moja hivi af anakaa, hakumbuki kitu, mara nyingine analia. Alishapelekwa kwa mganga, alishaombewa, alishapewa dawa za akili zikamlevya tu. EEG ya kwanza ilitoka safi kabisa. Hapa wengi wanakosea, kipimo kikitoka safi wanasema basi si kifafa, wakati kwa mtu mwenye kifafa kabisa kipimo kimoja cha nusu saa kinakamata dalili karibu nusu ya watu tu, ni kama kukaa nje ya ule ukuta wa jirani nusu saa, kama hawakupiga vigelegele dakika hizo utasema hakuna harusi. Daktari akaagiza arudi akiwa hajalala usiku. Alivyopitiwa na usingizi kitandani, upande wa kushoto juu ya sikio zikaanza kutoka, ncha kali, moja, tulia, nyingine, tulia, kama mwiba unatokeza kwenye kitambaa. Kifafa cha sehemu ya pembeni ya ubongo. Akaanzishiwa karbamazepini, dawa ya kifafa. Mama yake alivyoelezwa hakusema kitu, alikaa kimya muda mrefu af akauliza kwa sauti ndogo, "kwa hiyo mwanangu hakuwa na kitu?" akimaanisha shetani.

Lugha yetu yenyewe imebeba hayo. Mtoto akishtuka kwa homa tunasema degedege, kutoka kwenye ndege, na pwani huko wazee wanasema nyuni kampitia. Kaskazini mwa Uganda kulikuwa na watoto wanaotikisa kichwa kama wanasinzia kila wakipewa chakula, familia zikidhani ni mizimu au laana, ilipofanywa EEG wakati kichwa kinaanguka ikaonekana ni kifafa, misuli ya shingo inaishiwa nguvu kwa sekunde kadhaa. Ugonjwa wa namna hiyo hiyo uko Mahenge, Tanzania, umejulikana tangu miaka ya 1960. Huku kwetu wagonjwa wa kifafa wengi wanahudumiwa kwenye kliniki za afya ya akili, ndo maana swali la "ni akili au ni kifafa" linamgonga muuguzi wa wilayani kila wiki.

Na kuna kifafa kinachofanana kabisa na mtoto asiyetulia. Katikati ya sentensi macho yanaganda, sekunde tano, kumi, kope zinachezacheza, af anaendelea kama hakuna kilichotokea, kwa siku mara kadhaa au makumi, mwalimu anaandika kwenye ripoti "haweki akili darasani". Hicho EEG inakikamata vizuri mno, unamwambia mtoto apumue kwa nguvu dakika tatu kama anapuliza mshumaa, ghafla mistari yote, mbele nyuma kushoto kulia, inaruka pamoja mara 3 kwa sekunde, umbo limejulikana tangu 1935. Dawa yake ipo na watoto wengi inawatuliza.

Kuna kijana, mara nyingi binti, anaanza ghafla kuona mambo, hasemi sawa, halali, watu wanasema kachanganyikiwa, kumbe kinga ya mwili inashambulia vipokezi vya ubongo, ugonjwa ulioelezwa na Josep Dalmau na wenzake 2007. EEG yake mara nyingi inapungua kasi isivyo kawaida, na huyo tiba yake ni ya kutuliza kinga ya mwili, na wengine wanakutwa na uvimbe kwenye ovari ukitolewa wanapona. Kuna mzee katoka upasuaji anaweweseka, ndugu wanadhani ni wazimu wa uzee, EEG ikionyesha ubongo mzima umepunguza mwendo daktari anajua atafute maambukizi, ini, figo, chumvi ya damu. Na kwenye ile tiba ya mshtuko wa umeme kwa sonona kali, ambayo watu wanaiogopa kwa sababu ya sinema, mgonjwa yuko kwenye nusukaputi na kapewa dawa ya kulegeza misuli, mwili hauruki, kwa hiyo waya za EEG kwenye paji ndo zinamwonyesha daktari mshtuko umeanza na umeisha.

Kwenye yote hayo EEG inajibu swali moja: kuna kitu cha mwili kinachoendesha haya mambo? Swali jingine, je huyu ana sonona, ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, ana ADHD, ule wa kutotulia na kutokaza akili, hapo ndo inaishia, na si kwa kukosa kutafutwa.

Chukua skizofrenia. Unamsikilizisha mtu mlio pi pi pi pi, af katikati unachomeka po. Ubongo hata kama mwenyewe anasoma gazeti unashtuka kidogo, ndani ya sehemu ya tano ya sekunde linatokea wimbi dogo la mshangao. Kwa wagonjwa wa skizofrenia wimbi hilo kwa wastani ni dogo zaidi, limerudiwa kwenye tafiti nyingi tangu miaka ya 1990 mwanzoni, ni jambo la kweli. Neno lenyewe ni hilo "kwa wastani". Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, hakuna anayebisha, lakini nikikwambia kuna mtu nje ana sentimita 167 unaweza kuniambia ni mwanaume au mwanamke? Huwezi, wote wapo kwenye 167. Watafiti wanapima makundi, wewe unampeleka mtoto mmoja. Sonona nayo ilikuwa na lake, kwamba alfa ya mbele kushoto na kulia haijalingana, miaka mingi imetajwa, uchambuzi wa 2017 uliokusanya tafiti ukaonyesha huwezi kuitumia kumtambua mgonjwa. Kuna kazi nzuri ya 2020 iliyotumia EEG kubashiri nani sertralini itamsaidia, hiyo mi naifuatilia kwa hamu kabisa, maana saivi dawa za sonona tunajaribu hii wiki sita, ikigoma tunajaribu ile, na mtu anaumia muda wote huo. Ila bado iko maabara, haijafika chumba cha daktari.

Na ADHD, hii ya Junior. Ilionekana watoto wenye ADHD, wakiwa kundi, theta yao ni nyingi ukigawanya kwa beta. Mwaka 2013 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ikaruhusu kifaa kinachopima uwiano huo kwa watoto wa miaka 6 hadi 17, kimsaidie daktari aliyekwisha kumchunguza mtoto. Mwaka huo huo watafiti wakakusanya tafiti zilizopo wakakuta tofauti hiyo imekuwa ikipungua kadiri miaka inavyosogea, haiwezi kutegemewa kutambua ugonjwa. Na 2016 chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu Marekani kikatoa tahadhari kwamba kipimo hicho kisichukue nafasi ya uchunguzi wa kawaida. Uchunguzi wa kawaida ni nini? Ni kukaa na mzazi, kuongea na mwalimu, kumwangalia mtoto, nyumbani na shuleni, kwa miezi. Haina rangi.

Sasa hayo mazoezi mara 40. Yanaitwa nyurofidibaki na wazo lake ni zuri, mimi silidharau. Mtoto anawekewa waya moja mbili, anaangalia katuni, kompyuta inasikiliza mawimbi, theta ikishuka na beta ikipanda katuni inang'aa, ikienda kinyume inafifia, ubongo unajifunza wenyewe kama unavyojifunza baiskeli. Lilianzia kwa paka. Barry Sterman, California, miaka ya 1960, aliwapa paka maziwa kila walipotoa mdundo wa 12 hadi 15 pale juu katikati ya kichwa, ule unaotokea paka akitulia tuli anavizia, paka wakajifunza. Baadaye akaombwa apime sumu ya mafuta ya roketi, inayoleta degedege, akatumia paka mchanganyiko na wale waliofunzwa wakachelewa sana kupata degedege kuliko wenzao. Paka hajui kama anatibiwa, kwa hiyo hiyo si imani. 1972 akaandika juu ya mwanamke kijana wa kifafa aliyepata nafuu kwa njia hiyo, na 1976 Joel Lubar wa Tennessee akaileta kwa watoto wasiotulia.

Miaka mingi wazazi wamesema inasaidia na hawasemi uongo. Tatizo ni kwamba mzazi anajua mtoto wake yuko kwenye mazoezi, kalipa, kampeleka, anaangalia kwa jicho la matumaini. Ikabidi lifanyike jaribio la kutojua. Marekani wakachukua watoto zaidi ya 140 wa miaka 7 hadi 10 wenye ADHD, tena wale wale ambao theta yao iko juu, wale waliotakiwa kufaidika kuliko wote. Nusu na ushee wakapewa mazoezi ya kweli, wengine wakakaa kwenye kiti hicho hicho na waya hizo hizo ila katuni inafuata mawimbi yaliyorekodiwa kwa mtoto mwingine, na si mtoto, si mzazi, si mkufunzi aliyejua nani yuko wapi. Vipindi 38. Walioko kwenye ya kweli walipata nafuu kubwa. Walioko kwenye ya bandia walipata nafuu kubwa ile ile. Huko Salzburg, Austria, wakafanya kitu kama hicho kwa watu wasiopata usingizi, matokeo 2017, hali ikawa hiyo hiyo, pande zote mbili wakasema wanalala vizuri zaidi. Na mwishoni mwa 2024 ukatoka uchambuzi wa majaribio 38 yenye watu zaidi ya 2,400 wa ADHD, ukiangalia maksi za wale wasiojua nani kapata nini, faida ya maana kwa kundi zima haikuonekana, isipokuwa kidogo kwa ile mifumo ya mazoezi iliyozoeleka, na hiyo kidogo ni kidogo kweli.

Nafuu ile ya pande zote mbili inanifikirisha sana. Mtoto ambaye kila siku anagombezwa, kaa chini, acha hiyo, umefanya nini tena, kapata mtu mzima mmoja anayekaa naye dakika arobaini mara mbili tatu kwa wiki, anamsifia, hana haraka, na mama yake kampeleka kwa mkono wakirudi wanapiga stori njiani. Hiyo inafanya kazi. Ila haina haja ya waya na bei yake si ile niliyoiona kwenye karatasi, ile ni ada ya shule ya mwaka na chenji.

Nikamuuliza shemeji maswali mengine mawili. Junior huwa anaganda macho, ukimgusa bega hashtuki? Kasema hapana, huyu ukimwita yuko dirishani, yuko juu ya meza, ila anaitika. Hapo wasiwasi wa kifafa kwangu ukashuka. La pili, nikamwambia arudi pale waliompima aombe mistari yenyewe, si rangi, mistari, ni haki yake kalipia. Walimzungusha kidogo wakampa faili.

Nimeifungua jana usiku. Dakika nne za macho wazi, waya mbili za mbele, mtoto anapepesa kope kila baada ya sekunde mbili hivi, vilima vikubwa vya taratibu vimejipanga kama matuta ya viazi, hakuna aliyevifuta. Nikasogeza mpaka nikapata kipande cha sekunde kumi katulia hakupepesa. Mbele pako safi. Dakika za mwisho, macho kafumba, alfa ya kisogoni inakatikakatika, theta inapanda, mtoto anasinzia, hata kichwa nadhani kilikuwa kinadondoka maana waya za nyuma zimechafuka. Nikampigia shemeji saa nne usiku nikamwambia pesa akae nayo. Jumatatu Junior anaenda kupimwa masikio na macho kwanza, af mwisho wa mwezi ana miadi na daktari wa akili wa watoto, na nimemwambia waje Dar siku moja kabla walale kwangu, mtoto aamke saa moja anywe chai.